Je, Wajua? Farasi wa Mbio na Ndoo ya Alfajiri

Je, wajua kwamba mkufunzi wa farasi wa mbio haanzi siku yake kwa kutazama saa ya kupimia kasi? Anaanza na ndoo. Jua halijachomoza, anapita banda kwa banda akichungulia ndoo za chakula cha jana usiku. Iliyolambwa hadi chini inampa moyo. Iliyobaki nusu inamsimamisha, anamwita saisi, anauliza. Farasi anayesaza ana jambo: homa, tumbo, jino, au zoezi la juzi limemzidi. Wiki ya mbio, waandishi wakija kumuuliza farasi wake wana matumaini gani, mengi atakayosema kuhusu ushindi ni maneno ya adabu kwa wenye mali. La kusikiliza ni moja tu: je, farasi anakula?

Je, wajua kwamba baada ya ndoo ni zamu ya miguu? Mkufunzi huinama na kuteremsha kiganja polepole nyuma ya mguu wa mbele, kutoka gotini hadi juu ya kwato. Anatafuta joto. Chini ya goti farasi hana msuli wa kutaja. Ana mfupa, kano na ngozi basi. Kano yenye joto leo inaweza kuwa kano iliyovimba kesho, na ikichanika uwanjani farasi huenda akakaa nje mwaka mzima, pengine asirudi kabisa. Na tukumbuke kwamba farasi akienda shoti, kuna nukta ambapo mguu mmoja peke yake unabeba mwili wote wa kilo 500 hivi, pamoja na joki na tandiko.

Je, wajua kipimajoto cha farasi hakitiwi mdomoni? Kinatiwa nyuma, chini ya mkia, na kamba yake hufungwa kwenye manyoya ya mkia ili kisipotelee ndani. Nyuzi 37.5 hadi 38.5 ni salama. Zikipanda juu ya hapo, safari ya uwanjani imeahirishwa, hata kama mwenye farasi ameshawaalika ndugu na jamaa.

Je, wajua farasi hawezi kutapika? Tumbo lake nalo ni dogo ajabu kwa mwili ule, lita 8 hadi 15 tu. Kwa hiyo halishwi kwa fujo mara moja. Anapewa kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, majani yakiwa ndiyo msingi na nafaka ndiyo nyongeza. Chango la farasi si jambo la kungoja lipoe: linaua.

Je, wajua kwamba ndoo hiyohiyo iliwahi kumwaibisha hata farasi wa Malkia wa Uingereza? Estimate, farasi jike wa Malkia Elizabeth II, alishinda Kombe la Dhahabu la Ascot mwaka 2013. Mwaka 2014 alishika nafasi ya pili katika mbio hizohizo, kisha vipimo vikaonyesha mofini mwilini mwake. Hakuna aliyemdunga sindano. Chakula kilikuwa kimechanganyika na mmea wa jamii ya afyuni. Nafasi ya pili ikafutwa.

Je, wajua mtu wa Suguti, huku Mara, akitaka kuona mambo haya kwa macho yake, itambidi avuke mpaka? Uwanja wa mbio za farasi ulio karibu naye uko Nairobi, Barabara ya Ngong. Apande basi Musoma, avuke Sirari, apite Kisii na Narok, na apange kufika siku ya mbio, ambayo kwa kawaida huwa Jumapili. Uwanja uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Musoma, pale ziwani, ni mita 1,134 na ushei.

Je, wajua mbio za farasi Nairobi zina umri wa zaidi ya miaka 120? Zilianza 1904, reli ikiwa bado mpya na mji wenyewe ukiwa mabati na matope. Uwanja wa zamani ulikuwa upande wa Kariokor na Eastleigh. Ule wa Barabara ya Ngong ulianza kutumika 1954, chini ya Jockey Club of Kenya.

Na je, wajua Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zina uhusiano na vifo vya farasi? Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, majeshi ya Waingereza na Makaburu yaliingia Tanganyika na vikosi vya wapanda farasi, yakitoka upande wa Kilimanjaro kwenda Kondoa. Farasi walikufa kwa maelfu, wengi kwa ndorobo na magonjwa. Mizigo haikufa, ikahamia vichwani mwa watu. Wapagazi wa kile kikosi cha uchukuzi, yaani Carrier Corps, ndio walioziachia sehemu hizo mbili jina lao. Vitabu vingi vya vita huwahesabu farasi kwa uangalifu kuliko vinavyowahesabu wapagazi, na hilo halijapata kunifurahisha.

Je, wajua basi kwa nini Bunda, Butiama na Musoma kuna ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda lakini farasi hakuna? Jibu la kwanza ni ndorobo, au mbung'o kama wengine wanavyomwita. Anabeba vimelea vya ugonjwa wa nagana, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoumwa vibaya zaidi. Daktari David Bruce ndiye aliyeonyesha, huko Zululand katikati ya miaka ya 1890, kwamba mdudu huyu ndiye anayeisambaza. Mfugaji wa Bunda anayepakana na Serengeti hahitaji kufundishwa. Anaijua dawa ya Samorini, anaijua Berenili, anamjua bwana mifugo kwa jina, na vile vitambaa vya bluu na vyeusi vinavyoning'inizwa porini anajua vinamtega nani. Mbung'o hupenda rangi ya bluu.

Jibu la pili linajulikana na wachache. Je, wajua kuna ugonjwa unaoitwa tauni ya farasi wa Afrika, na kwamba anayeueneza ni usubi, kidudu kidogo kuliko mbu? Usubi huu huzaliana kwenye tope na samadi mbichi, na huuma zaidi jioni, usiku na alfajiri. Farasi mgeni akipata aina kali ya ugonjwa huu, mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na kwa kawaida hafikishi wiki. Katika kundi ambalo halina kinga, tisa kati ya kumi wanaweza kufa. Basi fikiria bonde la Mto Suguti linavyoshuka ziwani, tope lile, mazizi ya ng'ombe kila upande. Kwa usubi, hapo ni nyumbani. Wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi mweusi juu ya maji wasisingiziwe, maana wao hawaumi mtu wala mnyama.

Je, wajua ni nani anayeutunza ugonjwa huo bila yeye mwenyewe kuumwa? Pundamilia. Anaambukizwa, virusi vinakaa katika damu yake wiki kadhaa, naye anaendelea kula majani. Mwaka 1987 pundamilia walisafirishwa kutoka Namibia kwenda kwenye hifadhi ya kitalii karibu na Madrid, Hispania. Waliingia na tauni ya farasi, na ikaichukua nchi ile miaka kuitokomeza. Mwaka 2020 ikazuka Thailand, farasi zaidi ya 500 wakafa, na vidole vikaelekezwa tena kwa pundamilia walioagizwa kutoka Afrika. Serengeti ina pundamilia kwa makumi ya maelfu. Ukitaka kufuga farasi wa mbio jirani na pundamilia hao, chanjo si hiari, na mabanda hufungwa kabla jua halijazama, siyo baada.

Je, wajua mistari ya pundamilia huwatatiza nzi? Mwaka 2019 watafiti Tim Caro na Martin How walichapisha jaribio walilofanya Uingereza: waliwavisha farasi majoho yenye mistari ya pundamilia, kisha wakahesabu nzi wanaotua. Kwenye joho la mistari walitua wachache mno kuliko kwenye joho la rangi moja. Kichwani, ambako hakukuwa na joho, walitua vilevile. Caro huyo amefanya utafiti wa wanyama Tanzania kwa miaka mingi, hata Katavi.

Je, wajua Wajerumani walijaribu kumaliza tatizo hili kwa kumfuga pundamilia mwenyewe? Walimjaribu eneo la Kilimanjaro mwanzoni mwa karne ya 20. Pundamilia alikataa shule.

Je, wajua hata hivyo kwamba farasi wamewahi kufugwa ndani ya Mkoa wa Mara? Kwenye mbuga ya Grumeti, wilayani Serengeti, hoteli ya kitalii ya Sasakwa ilikuwa na mazizi yake, na wageni walipanda farasi kutazama nyumbu. Hao walikuwa farasi wa matembezi, siyo wa mashindano. Na Jeshi la Polisi Tanzania lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, ambacho wengi tumekiona kwenye gwaride.

Sasa tuje kwa mkufunzi ambaye Afrika Mashariki haijapata mwingine wa mfano wake.

Je, wajua mwanamke wa kwanza kupewa leseni ya kufundisha farasi wa mbio Kenya alikuwa hajafikisha hata miaka 20, au ndio kwanza ameifikisha? Beryl Markham alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa na miaka minne hivi. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa na shamba Njoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi ambayo mbung'o haipendi. Alikuwa anafuga na kufundisha farasi. Mtoto alikua akicheza na watoto wa Kinandi na Kipsigis, akasema lugha zao na Kiswahili. Ukame ulipomfilisi baba na kumpeleka Peru kutafuta riziki, binti hakufuata. Alibaki na farasi.

Je, wajua ushindi wake mkubwa wa kwanza ulitokana na farasi mwenye miguu mibovu? Mwenyewe aliusimulia katika kitabu chake cha mwaka 1942, West with the Night. Alikuwa amemwandaa farasi mmoja kwa ajili ya mbio za St Leger za mwaka 1926. Zikiwa zimebaki wiki kadhaa, mwenye farasi alimhamishia kwa mkufunzi mwingine, akiona binti huyu ni mdogo mno kwa kazi kubwa vile. Beryl akabaki na Wise Child, jike mwenye mbio lakini mwenye kano dhaifu. Hakuweza kumkimbiza kila siku kama wenzake wanavyofanya, kwa hiyo kila zoezi lilikuwa hesabu: akimzidishia, mguu unakatika, akimpunguzia, pumzi haitoshi. Mchana kutwa kazi ilikuwa kukanda na kufunga kano zile. Wise Child alishinda. Yule farasi aliyehamishwa aliachwa nyuma.

Mtu angemuuliza Beryl wiki moja kabla ya mbio zile kama ana matumaini, angesema nini cha kweli? Alijua farasi ana kasi, hakujua kama kano zitafika mwisho wa uwanja. Wakufunzi wengi huishi hapo siku zote, na ndiyo maana majibu yao huwa mafupi.

Je, wajua mkono wake wa kulia alikuwa Mkipsigis aliyeitwa arap Ruta? Walikua pamoja tangu utotoni. Aliwatunza farasi wa Beryl, na Beryl alipohamia kwenye urubani, Ruta naye akahamia kwenye ndege. Kila mkufunzi maarufu wa Kenya ana saisi nyuma yake, lakini vikombe haviandikwi majina mawili.

Je, wajua huyuhuyu Beryl mwaka 1936 aliruka peke yake kuvuka Bahari ya Atlantiki kutoka Uingereza kuelekea magharibi, dhidi ya upepo? Safari ilichukua takriban saa 20, ikaishia kwenye tope la Nova Scotia, Kanada, pua ya ndege ikiwa imezama. Alitoka na jeraha kichwani.

Na je, wajua alirudi kwa farasi? Alirejea Kenya miaka ya 1950, na farasi wake wakashinda Derby ya Kenya mara sita. Derby ile ni mita 2,400, ya farasi wa miaka mitatu, na kila farasi ana nafasi moja tu maishani. Mtu kushinda mara sita maana yake alilea farasi sita tofauti hadi wakafika kileleni siku ileile iliyotakiwa, siyo wiki moja kabla wala mbili baadaye. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa anaishi kwenye nyumba ndogo ndani ya eneo la uwanja wa Ngong.

Je, wajua Uingereza yenyewe iliwanyima wanawake leseni hiyo hadi 1966? Wanawake walifundisha farasi miaka na miaka, lakini leseni iliandikwa jina la mwanamume aliyeajiriwa nao. Florence Nagle alikwenda mahakamani, akashinda. Kenya ilikuwa imetangulia kwa zaidi ya miaka 40, ingawa tusijidanganye: leseni hiyo ya Kenya ilikuwa ya wazungu, na Mwafrika wakati ule aliingia uwanjani kama saisi.

Je, wajua umri wa farasi husomwa kwenye meno, kama mnunuzi anavyomfungua ng'ombe mdomo mnadani Bunda? Ila farasi wa mbio ana cheti, na siku yake rasmi ya kuzaliwa ni ya kupangwa. Katika nchi nyingi za kaskazini mwa dunia, wote huongezewa mwaka tarehe 1 Januari. Za kusini, kama Australia na Afrika Kusini, tarehe 1 Agosti. Mtoto aliyezaliwa kaskazini Desemba 30 anatimiza mwaka mmoja akiwa na siku mbili. Wafugaji hupanga mimba kwa kalenda hiyo, na mimba yenyewe ni miezi 11.

Je, wajua farasi wote wa mbio wa ukoo wa Thoroughbred, waume kwa majike, wanarudi kwa mababa watatu walioletwa Uingereza kutoka Mashariki ya Kati na pande zake? Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Darley alinunuliwa Aleppo, Syria, akafika Uingereza 1704.

Je, wajua farasi anayeshinda huadhibiwa? Katika mbio za kusawazisha uzito, afisa maalumu huwapanga farasi kwa uwezo na kumwongezea mzigo aliye bora. Joki akiwa mwepesi kuliko uzito uliopangwa, vipande vya risasi hutiwa kwenye mifuko ya tandiko. Anapimwa kwenye mizani kabla ya mbio, anapimwa tena baada, na akipungua kupita kiasi ushindi unafutwa. Nia ni kwamba farasi wote wafike pamoja kwenye mstari. Ndiyo sababu mkufunzi akisema "farasi wangu yuko vizuri ila uzito ndio unanitia shaka", hajifichi. Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Je, wajua namba zilizo mbele ya jina la farasi, kwa mfano 3102, si namba za siri? Kwa mtindo wa Uingereza ni nafasi alizomaliza mbio zake za karibuni, na ya mwisho kulia ndiyo ya juzi. Sifuri maana yake hakuwamo hata kwenye tisa bora.

Je, wajua farasi akienda shoti anavuta pumzi moja kwa kila hatua? Mwili unakwenda mbele, tumbo linasukuma mapafu, hewa inatoka. Mwili unarudi, hewa inaingia. Na yote kwa pua, kwani kwa mdomo hawezi. Hapohapo wengu wake unakamuliwa na kumwaga chembe nyekundu za damu zilizowekwa akiba, na mapigo ya moyo yanapanda kutoka chini ya 45 kwa dakika hadi zaidi ya 220.

Je, wajua kasi ya juu kabisa iliyothibitishwa ya farasi wa mbio ni kilomita 70.76 kwa saa? Winning Brew, Marekani, mwaka 2008, kwa mwendo wa mita 402. Usain Bolt kwenye hatua zake za kasi kuliko zote alikaribia 45.

Je, wajua kuna jeni inayoonyesha farasi anafaa mbio fupi au ndefu? Timu ya Emmeline Hill wa University College Dublin ilichapisha utafiti huo mwaka 2010. Wenye farasi wengi sasa hupima damu. Wakufunzi wa zamani huendelea kutazama matako na kifua, na mara nyingi hufikia jibu lilelile bila gharama.

Je, wajua farasi aliyeshinda Grand National ya Uingereza mara tatu alifundishwa ufukweni? Red Rum alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa kwato. Ginger McCain, mkufunzi aliyekuwa akiuza magari Southport na kuwahi kuendesha teksi, hakuwa na uwanja wa nyasi. Alichokuwa nacho ni mchanga wa bahari. Farasi akakimbizwa kwenye mchanga na kutembezwa kwenye maji baridi ya chumvi, na miguu ikatulia. Akashinda 1973, 1974 na 1977, na katikati hapo akawa wa pili mara mbili. Mkufunzi mwenye uwanja mzuri huenda angemchinja mapema.

Je, wajua Rich Strike aliingia kwenye Kentucky Derby ya 2022 siku moja tu kabla, baada ya mwingine kujitoa? Bei yake ilikuwa 80 kwa 1. Akashinda.

Je, wajua Haru Urara wa Japani alikimbia mara 113 na kushindwa mara 113? Watu walimpenda hadi wakanunua tiketi zake na kuzibeba kama hirizi ya kuepusha ajali za gari. Mwaka 2004 alipandwa na Yutaka Take, joki bora wa nchi ile. Walikuwa farasi 11. Alishika nafasi ya kumi.

Na Winx wa Australia? Mbio 33 mfululizo, 2015 hadi 2019, hakuna aliyemgusa.

Je, wajua mwaka 1840 Zanzibar iliipelekea Marekani farasi? Sultani Seyyid Said alituma jahazi lake Sultana, nahodha akiwa Ahmad bin Na'aman, likatia nanga New York mwezi Aprili. Kati ya zawadi kwa Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Katiba ya Marekani haimruhusu rais kupokea zawadi ya mfalme bila idhini ya Bunge, basi farasi wakaishia kuuzwa mnadani.

Je, wajua watawala wa zamani wa Wahabeshi walijulikana kwa majina ya farasi wao? Mfalme Menelik II alikuwa Abba Dagnew, Tewodros II alikuwa Abba Tatek. Nyanda za juu za Ethiopia hazina mbung'o, na nchi hiyo ndiyo yenye farasi wengi kuliko zote Afrika.

Je, wajua Lamu wana mbio zao, na mnyama ni punda? Vijana hushindana wakati wa Maulidi na tamasha la utamaduni, hakuna tandiko, hakuna hatamu za maana, na punda akiamua kusimama amesimama. Maralal, kaskazini mwa Kenya, ni ngamia, tangu 1990. Oman, farasi na ngamia hupita mbele ya watu katika ardha, sherehe ambayo UNESCO iliiorodhesha 2018. Na katika Falme za Kiarabu, watoto waliokuwa wakipandishwa ngamia wa mbio walipigwa marufuku. Tangu 2005 au karibu na hapo, mgongoni mwa ngamia hukaa roboti mwenye kiboko, na mwenye ngamia humwamrisha akiwa ndani ya gari linalokwenda sambamba.

Mwisho, kwa vijana wa Musoma na Bunda wanaosuka mikeka ya kubeti. Je, wajua wale farasi wanaokimbia kwenye skrini ya duka la kubeti kila baada ya dakika chache hawajawahi kuzaliwa? Ni picha za kompyuta. Hawana saisi, hawana kano za kupapaswa, hakuna ndoo ya kuchungulia wala mkufunzi wa kuuliza. Mshindi huchaguliwa na programu inayotoa namba kwa bahati nasibu, na bei zimepangwa ili mwenye duka abaki na sehemu yake kila mara. Rekodi ya mbio zilizopita haisaidii kitu. Michezo hiyo iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Ukimwona mtoto dirishani anashika tiketi, mwambie mwenye duka.